Injini Juu ya Mkeka

Trekta lilisimama nje ya ua wa Shariff mchana wa Ramadhani, saa ambayo watu wa Bondeni hujilaza wakingoja jua lipungue. Aliyeshuka hakujulikana na mtu yeyote mtaani. Alikuwa mrefu, amevaa koti kuukuu la jeshi na viatu vya raba ya gurudumu. Nyuma yake kulikuwa na trela lililojaa magunia ya pareto. Alivua kofia, akaulizia nyumba ya fundi wa reli.

Shariff alitoka akijikokota. Alikuwa amerudi punde kutoka shedi ya reli, koo limemkauka, mgongo unamuuma pale ulipokuwa unamuuma kila siku tangu avuke miaka hamsini. Mwaka ule alikuwa amewatangazia majirani kwamba kazi za nyumbani ameziacha. Akishatengeneza injini za serikali kutwa nzima, jioni anataka kukaa.

Mgeni alisema jina lake ni Kiptanui, dereva wa trekta katika shamba moja kule Lanet. Hakusema zaidi mpaka alipoingiza trela uani na kuondoa magunia ya juu. Chini yake Shariff aliona boneti ndefu nyekundu, taa mbili za mviringo, na viti viwili vya ngozi. Lilikuwa gari la mbio, la wale wanaoshindana vumbini upande wa Gilgil.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Bwana mwenye shamba alikwenda kwao Uingereza kwa miezi sita, akamwachia Kiptanui agizo alilolirudia mpaka kwenye ngazi ya treni: kila Jumapili aiwashe ile injini, aiache ingurume kidogo, aizime. Jumapili moja Kiptanui aliiwasha, mara akaitwa zizini, ng'ombe ameshindwa kuzaa. Ndama alitoka salama. Aliporudi bandani alikuta oili yote imemwagika sakafuni, na ndani ya injini kuna kitu kinagonga kama mtu aliyefungiwa chumbani.

Bwana angerudi Alhamisi ya wiki iliyofuata, kwa treni ya alasiri. Shariff hakuhitaji kuelezwa yaliyobaki. Mfanyakazi wa shamba akifukuzwa, nyumba yake huvunjwa, ng'ombe wake hutolewa malishoni, na siku zile za hali ya hatari hapakuwa na shamba jingine la kumpokea mtu aliyefukuzwa na jirani.

"Gereji zote za mjini ni za marafiki zake," Kiptanui alisema. "Ndiyo nikaja kwako, mzee."

Hakupiga magoti wala hakulia. Aliendelea kuikunja kofia yake, akasema, kama mtu anayezungumza habari nyingine kabisa, kwamba mtoto wao wa mwisho ameanza kutembea juzi, na kwamba ameshaijua njia ya kutoka mlangoni hadi zizini peke yake.

Shariff alikuwa na jibu la hapana tayari mdomoni. Akalitazama lile gari, akaitazama ile kofia. Akahesabu kichwani: mwezi wa mfungo ungetimia thelathini, basi Idi ingekuwa Ijumaa, na Alhamisi ingekuwa siku ya kazi kama siku nyingine.

"Njoo Alhamisi saa sita mchana," akasema. "Utaikuta iko tayari. Na nikikuambia tayari, ni tayari kweli, siyo ya kuwaka wiki moja."

Mkewe, Mastura, alisikia yote kutoka dirishani. Hakumgombeza. Aliuliza tu kama fundi aliyeacha kazi za nyumbani angetaka futari yake iletwe mezani au chini ya gari.

Kuitoa injini kuliwachukua jioni mbili. Masinde, mwenzake wa shedini, mtu wa Bungoma aliyekaa nyumba za reli, alikuja na mnyororo wa kunyanyulia. Walisimamisha nguzo tatu za mkalitusi, wakazifunga vichwa pamoja, na ile injini ikapanda polepole, ikining'inia na kudondosha matope meusi, mvua ikinyesha juu yao wote. Masinde alikuwa akimtania kila mara mnyororo ulipokwama.

"Tangu alfajiri hujala, na bado unabishana na chuma," alisema. "Sisi tunakula mara tatu na kazi tunaikimbia."

Waliiweka injini stoo, wakaifungua. Ile mikono minne inayoshika pistoni ilikuwa imeunguza madini meupe ya ndani, yale laini yanayoiacha shafti izunguke bila kukwaruzwa. Shariff aliyakwangua yote, akayeyusha mapya katika sufuria kuukuu juu ya makaa, akamimina, kisha jioni baada ya jioni akawa anayachonga kidogo kidogo kwa kisu cha fundi mpaka kila mkono ukae na kifuniko chake, kile cha chini kinachoukazia kwenye shafti, kama mtu na mwenzake. Kazini angepiga alama kwa tindo, kila kifuniko na mkono wake. Hapa hakuthubutu. Bwana yule, kwa maelezo ya Kiptanui, alikuwa mtu wa kuifungua injini yake mwenyewe, na angeziona alama mpya mara moja. Basi Shariff alitandika mkeka wa zamani stoo, akapanga kila kitu kwa mstari, cha mbele mbele, cha nyuma nyuma. Mkeka ndio ulikuwa alama yake.

Jumanne pistoni zilikuwa zimerudi mahali pake pamoja na mikono yao. Vilibaki vile vifuniko vinne tu, na kuirudisha injini garini. Alienda kulala akiwa na matumaini.

Jumatano majirani walianza kusema huenda mwezi ukaonekana jioni ile. Mastura alikuwa amepanga kusafisha nyumba Alhamisi, kama kila mkesha wa Idi. Aliposikia hivyo, hakungoja. Alitoa vitanda nje, akafua mapazia, akapiga deki vyumba vyote, na alipofika stoo akaukung'uta mkeka. Shariff alirudi jioni, akakuta stoo inanukia sabuni, na vifuniko vyake vinne vimelala pamoja ndani ya karai, vinang'aa.

"Mama Kuluthum," alimwambia mkewe taratibu, "hivi vilikuwa kwenye mkeka."

"Vilikuwa na mafuta. Nimeviosha kwa maji ya moto, nikavikausha." Kisha akamtazama usoni. "Nimefanya nini?"

Akamweleza. Hakupandisha sauti, nguvu ya kuipandisha hakuwa nayo. Mastura alikaa kwenye kizingiti na kanga yake iliyolowa, akafunika mdomo kwa mkono. Hapo hapo ukasikika ukelele kutoka upande wa msikitini, watoto wakaanza kukimbia barabarani. Mwezi ulikuwa umeonekana. Idi ni kesho.

Masinde alifika, akapewa habari. Alivichukua vile vifuniko, akavigeuza geuza mkononi. Akasema neno ambalo Shariff naye alikuwa ameshaliwaza.

"Vifunge tu hivi hivi. Itawaka. Uende ukaswali na watu. Itakaa miezi miwili, na ikigonga tena, nani atakujua wewe?"

"Mimi hatanijua," Shariff alisema. "Atakayeulizwa ni Kiptanui."

Macho yake yalikuwa yamechoka mno kwa kazi ya taa, basi alilala. Kulipopambazuka aliswali alfajiri, akavaa tena ile ovaroli yake. Mastura, bila kuambiwa, alikwangua masizi ya sufuria zake zote, akayaleta kwenye kisahani. Shariff aliyachanganya na mafuta, akaipaka shafti, akafunga kifuniko cha kwanza, akaizungusha kwa mkono. Ikakaza. Akakifungua, akatazama pale weusi ulipogusa: upande mmoja tu. Si chake. Akafuta, akajaribu kingine, akakigeuza, akapaka upya. Ilikuwa kazi ya kuinama na kuinuka, na mgongo ulimkumbusha kila mara.

Alipopata cha pili, watu walianza kupita kwenda kuswali. Alizisikia takbira zikija kutoka upande wa juu wa barabara, zikapita mlangoni, zikaenda zake. Tangu baba yake alipomshika mkono kwa mara ya kwanza kule Mombasa, akiwa na kanzu inayoburuta chini, hakuwahi kuikosa swala ya Idi. Mzee Gelle, jirani yake, alisimama langoni katika kanzu nyeupe, akaitazama ile mikono myeusi.

"Leo, Shariff?"

"Leo, mzee."

Gelle akafuata wenzake. Shariff aliinamia injini, akachukua spana.

Cha mwisho kilikaa peke yake. Weusi ulienea sawasawa mwili mzima, na shafti ikazunguka laini kama kinu cha maji. Masinde alikuwa amebadilishana zamu; yeye na Mastura, aliyekwisha kuvaa nguo yake mpya na kuikunja mikono, waliushika mnyororo pamoja, wakaishusha injini garini. Wakaunganisha mipira, nyaya, betri. Wakatia oili. Iliwaka kwa jaribio la pili, na hakuna kilichogonga.

Trekta liliingia uani saa sita. Shariff aliiwasha injini, na Kiptanui akaja moja kwa moja, akaweka kiganja juu ya boneti, akainamisha kichwa na kusikiliza kwa muda mrefu. Shariff akaizima. Walilisukuma gari juu ya mbao mpaka kwenye trela, na hapo ndipo alipoiona nguo mpya ya Mastura, sinia za vyakula zikipita nyumba kwa nyumba, wanaume wote wa mtaa katika kanzu, na fundi wake peke yake katika ovaroli.

"Mzee," alisema, "leo si sikukuu yenu?"

"Ndiyo."

"Na swala?"

"Tulikubaliana saa sita," Shariff alijibu, akachukua gunia la kwanza akaanza kulifunika lile gari.