Msumari wa Kumi na Saba

Kiwandani wananiita Benki, na utani wenyewe ni kwamba benki hii haikopeshi wala haitoi riba. Nyumbani nina makopo tisa ya maziwa ya unga yaliyojaa vitu vya duara: medali za mbio ambazo sikukimbia, vipande vya kantini vya kuchukulia chai, vipande vya kuachia mzigo stesheni, vya mashine za michezo, vya kufulia nguo. Mke wangu husema nikifa atanizika na makopo yangu ili apate pa kuweka unga. Namjibu kwamba kila mtu ana ugonjwa wake, na wangu hauambukizi. Ndivyo nilivyodhani.

Tunatengeneza magodoro. Mimi nakata vitambaa juu. Chini kuna ghala la sponji, lenye mlango mmoja na lisilo na dirisha. Kando ya mlango huo kuna ubao wenye misumari arobaini, na kila msumari una kipande chenye namba. Ukishuka ghalani unachomoa kipande chako unakitia mfukoni, ukipanda unakirudisha. Msumari mtupu maana yake mtu yuko ndani. Sheria ni hiyo tu, hata asiyejua kusoma anaielewa.

Vipande vyote ni vya bati, isipokuwa namba kumi na saba. Hicho kilikuwa cha shaba, cha tangu kiwanda kinafunguliwa, kimelika kingo kwa vidole vya watu. Mwenyewe alistaafu zamani. Mara mojamoja kibarua wa siku alipewa kipande hicho, lakini siku nyingi kilining'inia tu. Miaka minne nilipita hapo nikimeza mate. Asubuhi ile nikasema potelea mbali, nikakichomoa. Nilijiambia kwamba siibi, naazima: mchana nitampelekea fundi wa funguo achonge kingine kama hicho, nitundike nakala, nibaki na cha asili. Fundi akakigeuzageuza, akaniambia, "Niachie, pitia kesho asubuhi." Nikamwachia. Mtu mzima na akili zangu, nimeacha msumari mtupu ukutani, nikaenda kula.

Saa nane moshi ukaanza kupanda kutoka chini. Sponji ikiungua haina mchezo. Moshi wake ni mzito, na pumzi chache tu zinamlaza mtu. Waliokuwa ghalani walitoka wakikohoa, kila mmoja akatundika kipande chake, tukakusanyika uani. Msimamizi, mgeni wa miezi miwili, aliung'oa ubao ukutani akaja nao kifuani. Misumari yote ilikuwa imejaa, kasoro mmoja.

"Kumi na saba ni nani?" akauliza.

Akaugusa msumari mtupu kwa kidole.

"Leo nilichukua vibarua watano. Au sita. Mmoja wao nitakuwa nilimpa hiki."

Tukawatafuta vibarua kwa macho. Wengine walishakimbilia barabarani, na sura zao hakuna aliyezikumbuka vizuri. Zimamoto walipigiwa simu, wakasema wako njiani. Pale kiwandani aliyefundishwa kuvaa barakoa na mtungi wa hewa alikuwa mmoja tu, shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Alikuwa tayari anafunga mikanda.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Lakini mwezi uliopita mtu alifukuzwa kwa sababu ya jozi ya glavu, na mimi nina watoto watatu shuleni, na ulimi ukawa mzito. Nikajidanganya kwamba atachungulia mlangoni, aone hamna kitu, arudi. Akashuka. Nikahesabu mpaka mia, nikapotea, nikaanza upya. Nilimfikiria mdogo wangu, ambaye saa hizo pengine alikuwa anaosha vyombo bila habari, na nikajiona takataka.

Akatoka kwa magoti, masizi mpaka shingoni. Akavua barakoa, akatema mate meusi.

"Sijampata," akasema. "Nimepapasa upande wa kulia wote. Bado kushoto. Nipeni mtungi mwingine."

Mtungi uliobaki ulikuwa nusu. Nikamshika mkono.

"Shemeji, usirudi. Hamna mtu mle. Kile kipande nilichukua mimi."

Msimamizi akanigeukia. "Kiko wapi?"

"Kwa fundi wa funguo. Nilikipeleka mchana."

"Wacha hizo, Benki. Unamwonea huruma shemeji yako. Hata mimi ningesema hivyohivyo. Lakini huyo mwingine naye ni mtoto wa watu."

"Naapa. Tuma mtu akamuulize fundi."

"Mpaka aende arudi, mtu ameshakufa."

Nikaachana naye. Nikamtazama shemeji usoni. "Wewe unanijua. Unajua ninavyokusanya hivi vitu. Niamini mimi."

Alikuwa anabadilisha mtungi. Akanitazama kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza.

"Nakujua, ndiyo maana siamini," akasema. "Ingekuwa kweli ungesema kabla sijashuka. Wewe si mtu wa kuniacha niingie mle bure." Akanipigapiga begani kunituliza. "Na mdogo wako usimwambie lolote, atapata presha bure."

Akavuta barakoa usoni. Nikamrukia nimshike mguu, wanaume wawili wakanidaka mikono. Niliwapigia kelele kwamba mle ndani hamna mtu, hamna mtu. Nilikuwa bado nasema hivyo visigino vyake vilipopotea kwenye moshi, na kuanzia hapo haikuwa kweli tena.