Mfarishi wa Nguo Zilizovaliwa

Tukuswiga hakujaliwa utulivu. Mola humuumba kila mja na mwendo wake, na yeye aliumbiwa nyayo zisizokubali sakafu. Jumatatu ile, kabla jua la Juni halijaupasha moto mji wa Tunduma, alikuwa amekwisha kuinuka mara saba kwenye cherehani yake, na mara zote saba hakuwa na haja na huko alikokwenda. Alifika mlangoni, akatazama foleni ya malori yanayongoja zamu ya kuvuka mpaka, akasikiliza honi zake, akarudi kitini. Akatia uzi sindanoni. Akautoa.

"Dada," alisema Loisi, mdogo wake, aliyekuwa amefika mwezi uliopita kutoka Ivuna na gunia la chumvi na ulimi wake uleule, "ukishona huku unatembea, siku moja utaushona mlango."

Na kazi yenyewe haikuruhusu matembezi. Jumamosi binti yake, Witness, alikuwa anaolewa. Jumatatu ya pili yake, Tukuswiga mwenyewe alikuwa anasafiri.

Alikuwa mshoni wa mifarishi, yale mashuka mazito ya vipande vya vitenge vinavyoungwa kimoja kwa kimoja, vikatiwa pamba katikati na bitana chini, kisha vikapigwa mishono ya mkono mpaka vitu vitatu vikashikana vikawa kimoja. Kwa kazi hiyo alikuwa amefika Lusaka, na Lilongwe, na Bulawayo. Kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, hakukuhesabu kuwa ni safari. Mtu wa Tunduma huenda nchi ya watu kununua nyanya akiwa na kandambili, akarudi maji ya ugali hayajachemka. Safari kwake ilikuwa ile ya kuamkia mahali ambapo hata jogoo halijui jina lake. Kila aliporudi alileta mtindo mpya wa kuunga vipande, na kila aliporudi aliiona nyumba imepungua, kama kiatu cha mwaka jana kwenye mguu wa mtoto.

Safari hii aliitwa Windhoek, Namibia, kwenye maonyesho ya washoni wa nchi nyingi. Alikuwa ametuma picha za mifarishi mitano. Jibu likaja fupi: alete ule wa tatu tu, nao utatundikwa mlangoni, ili kila aingiaye auone kwanza.

Ule wa tatu haukuwa wake.

Katika ukoo wa marehemu mumewe, bibi harusi hakufunikwa kwa shuka la dukani. Kila mwanamke wa ukoo alikata kipande cha dhiraa moja kutoka katika kitenge alichokwisha kukivaa, akampelekea mama wa binti. Mama aliviunga vipande hivyo kuwa mfarishi. Kisha, siku mbili kabla ya harusi, wanawake walikusanyika kuuzunguka, kila mmoja akakitafuta kipande chake, akakipiga mshono wa mwisho kwa mkono wake mwenyewe, na kumwombea binti. Wanawake kumi na wanne walikuwa wameleta vipande vyao. Tukuswiga alivipanga kwa mtindo wa mzunguko aliojifunza Bulawayo, na ulipokamilika alisimama mbele yake bila kuinua mguu. Hakuwa amewahi kushona kitu cha namna ile. Alipiga picha asubuhi ileile, akaituma kabla hajafikiri, na alipofikiri ilikuwa jibu limekwisha kuja.

Hiyo ilikuwa wiki tatu nyuma, na hakumwambia mtu ila Loisi kwamba angeshona wa pili wa kufanana nao, ili wa kwanza uende Windhoek. Alivuka Nakonde, akazunguka maduka ya vitenge siku mbili, akapata maua yaleyale na ndege walewale, kwani viwanda hurudia michoro miaka nenda miaka rudi. Kumi na moja alivipata sawasawa, vitatu alivikadiria. Vilikuwa vipya, vikali rangi, vinanuka gundi. Wakavichemsha katika magadi, wakavipiga juu ya jiwe, wakavianika juani siku sita.

"Mimi nafua," alisema Loisi, akikamua. "Dhambi ni yako. Langu ni povu tu."

"Nani atajua? Nusu yao wanavaa miwani, na nusu iliyobaki wameisahau nyumbani."

"Na Witness?"

Tukuswiga alikwenda mlangoni kutazama malori.

Alhamisi wanawake walifika. Ule mfarishi wa pili ulikuwa umetandazwa juu ya mkeka sebuleni. Ule wa kwanza ulikuwa ndani ya mfuko wa safari, chini ya kitanda. Wakaimba, wakaomba, sindano ikaanza kuzunguka. Mmoja akakiona chake, akacheka, akashona. Wa pili akashona. Wa tatu akasema, "Kitenge hiki nilikivaa siku ya ubatizo wa kitinda mimba wangu," akalibusu ua lililotoka dukani wiki tatu zilizopita. Tukuswiga aliketi, akasimama, akaleta chai ambayo hakuna aliyeiagiza. Witness alikuwa amekaa kati ya shangazi zake, kichwa kimefunikwa khanga kama ilivyo ada, na kila sindano ilipopita alimfuata mwenye nayo kwa macho.

Wa mwisho alikuwa Enesi, dada mkubwa wa marehemu, aliyetoka Isansa kwenye mashamba ya kahawa. Ndiye aliyemlea Witness miaka ile Tukuswiga alipokuwa akienda na kurudi Lilongwe. Aliipokea sindano, akakishika kipande cha maua ya manjano, asishone. Akakipitisha kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Akakipitisha tena.

"Wifi," akasema, "kitenge changu hakinijui."

Wanawake wakacheka.

"Ni macho hayo, dada Enesi," Loisi akawahi. "Ndicho hicho, cha manjano."

"Sikutumia macho. Macho yangu niliyaacha kwenye mibuni." Enesi hakuinua sauti. "Nguo hii imefuliwa, haikuvaliwa. Nguo ya kufuliwa huchujuka kote sawasawa, kama uso wa mgonjwa. Iliyovaliwa hukonda mahali. Kitenge changu nilimbebea huyu bibi harusi mgongoni, na kilikuwa kimekonda pale alipokuwa akisugua shavu akitafuta usingizi. Nami nilikata palepale pa shavu, makusudi. Sasa niambie, wifi, pamenenepaje?"

Hakuna aliyecheka tena. Mwanamke aliyelibusu ua alirudi kwenye kipande chake, akakibana kwa vidole. Na wa pembeni yake. Na wa pembeni ya huyo. Shaka ikazunguka kama ilivyozunguka sindano. Tukuswiga alijua kwamba bado angeweza kusema, *mmezeeka*, na labda kumi kati yao wangeliamini. Mdomo ulikwisha kufunguka.

"Mama?" aliuliza Witness.

Lilikuwa neno moja, lakini Tukuswiga alikuwa amekwisha kulisikia katika sauti hiyohiyo kwenye simu, kutoka Isansa, mtoto akiwa na miaka sita, akiuliza atarudi lini. Akaingia chumbani. Akauvuta mfuko chini ya kitanda, akatoka nao, akaufungua mbele yao, akautandaza mfarishi wa kwanza juu ya wa pili.

Vidole ndivyo vilivyosema: kila kimoja kiliangukia mahali pake bila kutafuta. Enesi alikiona kipande chake karibu na kitovu cha mzunguko, akakigusa, akaacha kiganja juu yake.

"Ulikuwa unatupeleka wapi?"

"Windhoek."

"Ndiko wapi?"

"Namibia, wifi. Mwendo wa siku nne."

"Siku nne!" Enesi aliwageukia wenziwe. "Wanawake wa ukoo mzima tunasafirishwa Namibia ndani ya mfuko, wala hakuna aliyetuaga!"

Kicheko kikalipuka, lakini yeye hakucheka nacho. Alingoja kikaisha.

"Kazi hii ni nzuri, Tukuswiga. Sijaona nyingine kama hii. Ungeniambia, nani ajuaye, labda ningesema nenda nayo, na harusi tungeifunika kwa shuka la dukani. Hukuniambia. Ulinipa nguo ya uongo niiombee." Akamwekea Witness sindano kiganjani. "Sasa mwenye mali ni huyu. Muulize."

Tukuswiga alitaka kueleza: mlango wa maonyesho, watu wa nchi nyingi wakiingia, jina la Tunduma limeandikwa chini. Alitaka kusema kwamba kitu kama kile humjia mtu mara moja katika umri wake. Alimtazama binti yake, akayaacha yote.

"Nijibu tu, mwanangu: niuache?"

Witness aliikunja na kuikunjua ncha ya khanga yake. "Kila kizuri ulichoshona, mama, nimekiona kikipanda basi," akasema. "Nikasema sawa, ndiyo kazi. Huu nautaka mimi."

"Basi ni wako."

Tukuswiga akatoka nje, akasimama kati ya malori, akabana macho kwa khanga yake mpaka Loisi alipomfuata.

Harusi ilifungwa, ikaliwa, ikachezwa. Jumapili alasiri Tukuswiga aliandika ujumbe kwa Kiingereza chake cha sokoni: yule mliyemwona pichani ameolewa, hawezi kusafiri. Akaiweka simu kifudifudi. Alizunguka nyumba mara tatu kabla simu haijalia.

*Hongera,* waliandika. *Tuletee basi mdogo wake. Mlango bado uko wazi.*

Mdogo wake! Alimtazama yule wa pili, aliyelala juu ya mkeka, amefubaa sawasawa kutoka upindo hadi upindo. Aliujua kila mshono wa hila yake. Akaukunja, akaufungua, akaukunja tena. Jumatatu alfajiri aliubeba mkononi, akavuka kwa miguu hadi Nakonde, akapanda basi la Lusaka.

Baridi ya Juni iliingia kwa kila ufa wa dirisha. Pembeni yake aliketi mwanamke kijana wa Kibemba, kitoto kifuani, akitetemeka.

"Mulishani, bamayo?" alimsalimu kwa lugha yake, hujambo mama.

"Bwino," Tukuswiga alijibu kuwa hajambo, na akashindwa kutulia. Alijongea, akainua miguu, akaishusha, akatazama nje mahindi makavu yakikimbia kinyumenyume. Mfarishi ulikuwa juu ya magoti yake, umefungwa kwa kamba, safi, kama kitu cha kuonyesha watu. Akaifungua kamba. Akaukunjua wote, upana wake wote, akawafunika mwanamke na mtoto, na magoti yake mwenyewe, na ncha yake ikamfikia mzee wa kiti cha mbele, aliyeivuta mabegani bila kuuliza.

"Iyo, hapana, bamayo! Utachafuka," alisema yule mwanamke kwa Kiswahili cha mpakani. "Si unakwenda kuuza?"

"Hauuzwi. Vuta karibu."

Basi lilipopita Isoka, mtoto alikuwa amelala, shavu limekandamiza ndege wa bluu. Walipokaribia Chinsali mwanamke aliruka ghafla, akaunyanyua mfarishi, na doa la maji lilikuwa limeenea juu ya vipande vitatu.

"Sori, bamayo! Sori sana! Amekojoa, amekuharibia!"

Tukuswiga alipitisha kiganja juu ya doa. Lilikuwa na joto. Nje, kibao cha barabarani kilionyesha kilomita ambazo hakuzisoma zote kabla hakijapita, na miguu yake ilikuwa inacheza chini ya kiti, kama kawaida yake.

"Mrudishe alale," alisema, akamfunika tena. "Bado siku tatu."