Nyumba ya Saoudat

Maji yakitoka bandarini Badjanani, boti yetu ililala ubavu juu ya mawe na matope, nasi tulilala ndani yake tumeegemea ukuta kama watu waliochoka kusimama. Tuliishi hivyo tangu tulipofukuzwa Majunga, kule Madagaska, mimi na mdogo wangu Saoudat. Watu wa Moroni walituita Sabena, kwa jina la ndege zilizotuleta baada ya ndugu zetu kuchinjwa kule. Wakiuliza, "Sabena, mnakaa wapi?" niliwaonyesha boti. Walicheka. Niliwatazama machoni mpaka wakaacha.

Boti hiyo niliikuta imetupwa, mbao za chini zimeoza. Nilizing'oa, nikapigilia mpya, nikaziba kila mwanya kwa pamba na nyundo. Tumbo lake nililipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama unaonuka hata ndotoni. Juu ya mlango wa chumba niliandika kwa rangi nyekundu mistari ambayo hakuna shule iliyonifundisha:

*Walonitoa Majunga, hawakunitoa moyo,*
*Leo mbao naziunga, sikizeni nisemayo,*
*Ajaye na lake panga, na arudi mbiyo mbiyo.*

Mamluki wa Kizungu walikuwa wamekuja usiku mmoja wa 1978, wakapindua serikali, kisha wakasahau kuondoka. Asubuhi moja ofisa wao, mzungu mwenye shingo nyekundu, alishuka bandarini maji yakiwa yametoka. Nilikuwa chini ya boti na nyundo yangu.

"Hii ni yako?" aliuliza kwa Kifaransa.

"Yangu."

"Ilikuwa yako. Jumamosi iwe Mutsamudu, tuna mtu kule anataka ya kuvulia samaki. Ipake kijani. Na hiyo michoro uifute."

"Si michoro. Ni mashairi."

Alicheka, akapiga teke ubavu wa boti, mahali pamba ilipokuwa haijashika. Akaenda zake.

Saoudat alichungulia kutoka juu. "Kaka, utaipaka kijani?"

"Hata kidole sitaweka."

"Lakini utaipeleka?"

"Nitaipeleka. Si Dhoihir yuko Mutsamudu?"

Hapo akarudisha kichwa ndani, maana jina hilo lilimuuma. Dhoihir, mpakuzi wa mchele, alikuwa amemposa, na mama yake, Bi Hadjira, aliniuliza kwa upole: "Msichana ni mzuri. Nyumba yake iko wapi?" Kwetu mwanamume hana nyumba. Nyumba ni ya mwanamke, hujengewa na baba yake au kaka zake, na mume huingia humo kwa heshima. Mtu mwingine haichukui. Mimi kaka mtu sikuwa na hata jiwe moja la kuanzia. Swali lile lilinikaa usoni kama kofi.

Lakini yule mzungu aliniuliza boti ni ya nani. Ndipo akili ikanifunguka.

Tulitoka Alhamisi alfajiri, kuvuka hadi kisiwa kile kingine. Mota ilikohoa njia nzima, na Saoudat aliteka maji ngamani, chini tumboni mwa boti, kwa kopo huku akicheka. "Wenzangu humngoja bwana harusi nyumbani. Mimi namfuata na nyumba!"

Alasiri tulifunga kamba kwenye gati la Mutsamudu, nikaenda kumwita Bi Hadjira. Alikuja na wanawake wa mtaa wake na mwalimu wa chuo cha Kurani. Akapanda, akagonga mbao kwa kifundo cha kidole, akanusa.

"Inanuka."

"Ni deheni, mama."

"Ikivuja?"

"Nitakuja kuziba. Ndiyo kazi ya kaka."

"Na wewe ukigombana na mdogo wako kesho, utamfukuza?"

Nilikokota godoro langu, nikalitupa gatini mbele ya watu wote. "Boti hii, mota yake, nanga yake na mistari ile mlangoni ni vya Saoudat na binti zake. Mimi sina kitu humu."

Bi Hadjira alisoma mistari taratibu, midomo ikichezacheza. "Huyu ajaye na panga ni nani?"

"Atakuja Jumamosi, mama."

Nilimweleza yote. Uso wake ukabadilika, maana mwanawe mkubwa, Mmadi, alikuwa sajenti wa wazungu hao. "Basi nikaha ni kesho," alisema.

Jumamosi Mmadi alifika na askari wake, wote kwa sare nyeusi. Sitaha ilikuwa imejaa mikeka na wanawake.

"Sabena, lete ufunguo wa mota. Boti hii si yako?"

"Si yangu," nilijibu, na sijawahi kutamka neno kwa kiburi kama siku ile.

Aliinua mguu apande. Bi Hadjira akatokea mlangoni. "Mmadi! Unaingia na buti nyumbani kwa bibi harusi?"

"Mama, ni amri."

"Ya nani? Huyo mzungu wako ndiye aliyekunyonyesha?"

Wanawake wakacheka. Askari wakatazama viatu vyao.

"Mdogo wako yumo ndani," akaendelea, "na siku zake saba za harusi hazijaisha. Ingia umtoe. Kisha utafute mahali pengine pa kula."

Mguu wa Mmadi ulirudi gatini. Akavuta redio. "Mkuu, hapa hakuna boti. Kuna nyumba ya watu." Sauti ikafoka. Akaizima, akanigeukia. "Atakuja mwenyewe."

"Aje."

Mzungu alikuja siku saba zilipokwisha, yeye na shingo yake nyekundu. Mikeka ilikuwa palepale. Aliwaamuru askari wapande. Hakuna aliyepanda, hata Mmadi. Aliupima umati ule wa wanawake waliojifunga nguo zao za shiromani, wakimtazama kwa macho makavu, akatema mate baharini, akaondoka. Baadaye nilisikia wamejipatia boti ya plastiki.

Mimi nalala bandani kwa wapakuzi. Maji yakitoka, nakwenda na nyundo na pamba, kwa sababu mbao hazijui harusi. Jana nilibisha hodi ubavuni mwa boti.

"Nani?" Saoudat aliuliza.

"Fundi."

"Subiri hapo, kaka. Mume wangu amelala."

Nikasubiri nje, kichwa juu, chini ya mistari yangu. Nyumba ya watu ile.