Nafasi ya Lydia Kwenye Mstari

Haya alinisimulia Pudensiana, aliyekuwa akipika uji wa shule kule Moshono. Tulikuwa kwake tunachambua maharage, masika ndiyo kwanza yamekatika. Pudensiana si mtu wa kutia chumvi, hata kwenye mboga.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa soko la Levolosi na kila mtu mwenye mkoba anaitwa mfadhili. Jumatano moja, saa nne, darasa la sita walitoka kwa kipindi cha michezo. Mwalimu Gerson aliwapanga wawili wawili kwenye mawe yaliyopakwa chokaa, kila mtoto na jiwe lake. Jiwe la Lydia lilikuwa tupu. Lydia, binti wa Elisaria mwenye shamba la kahawa na migomba kule juu, alikuwa jikoni kwa Pudensiana, miguu ameinyoosha juu ya benchi. Hiyo ilikuwa amri.

Lydia alikuwa mkimbiaji. Kocha Reginald wa klabu moja ya mjini alileta barua, Elisaria akaitia sahihi, na mwalimu mkuu, Mwalimu Kandida, akaigonga muhuri: mtoto huyu amesamehewa mchakamchaka na vipindi vyote vya michezo.

"Akiteguka kifundo kwenye rede," kocha alisema, "watu wa Ulaya nitawapelekea nini? Magongo?"

Klabu iliahidi mabati ya darasa la saba.

Watoto walimwita Miguu ya Ulaya. "Miguu ya Ulaya, angalia uji usikumwagikie!" walipiga kelele wakipita jikoni, na Lydia akawarushia gunzi, kwa mkono, maana mkono haukutajwa kwenye barua.

Jumatano hiyo Prisca, mwenzake Lydia wa mstarini, hakuwa na wa kushikana naye. Basi Agnela akaja akasimama kwenye jiwe. Agnela alikuwa amezikwa mwezi wa pili mwaka uleule, migombani kwao. Naye alikuwa mkimbiaji wa Kocha Reginald, naye alikuwa na barua, na tangu darasa la nne hakuwa amecheza na wenzake hata mara moja. Siku ya mazoezi alikaa chini kando ya barabara ya Kisongo, hakuinuka tena. Klabu ilisema ni malaria. Sasa alikuwa kwenye sare yake, miguuni vumbi jeupe la Kisongo, ingawa udongo wa Moshono ni mweusi.

Mwalimu Gerson alimtazama. "Umechelewa."

"Samahani, mwalimu."

"Shikana na Prisca. Haya, magoti juu!"

Prisca alisema baadaye kwamba mikono ya Agnela ilikuwa na baridi kama ya mtu aliyetoka kufua mtoni, basi.

Ugomvi ulikuja kwenye rede, mchezo wa kukwepa mpira. Agnela alipoingia kati kujaza mchanga kwenye chupa, mpira wa soksi ulimpita tumboni ukatokea mgongoni, naye akaendelea kujaza.

"Mwalimu, huyu hapigiki! Anatuibia!"

Mwalimu Gerson alifikiri kidogo. "Ukipita ndani, umempiga. Toka, Agnela."

Agnela akatoka akicheka, akasubiri zamu kama wengine.

Mama yake, Fransiska, alipata habari sokoni. Jumatano iliyofuata alikuja akasimama nje ya ua wa michongoma. Mwalimu Kandida akamfuata.

"Mama Agnela, tumwambie aende?"

"Mlimkalisha miaka miwili, mwalimu. Mwacheni acheze."

Alisimama pale mpaka kengele. Aliita jina la mwanawe mara moja tu, alipoukwepa mpira vizuri.

Lydia aliyaona yote akiwa pale kwenye benchi. Wiki ya tatu alianza kutetemeka na moto uko mbele yake. Pudensiana akampapasa shingo, ikamchoma kiganja. Agnela akaja mlangoni. Hakuingia, asije akachafua kwa lile vumbi.

"Jumamosi wanakupeleka wapi?" akauliza.

"Kisongo."

"Na hiyo homa? Usiende. Rudi kwenye jiwe lako, mimi nitakwenda zangu kwetu. Kocha hamtaki mtoto anayecheza rede."

Lydia akaenda kwa Mwalimu Gerson, akamwomba arudi mstarini. Mwalimu alikuna kichwa. Barua ina muhuri, alisema, yeye hawezi kuitengua. Labda mzazi.

Ijumaa asubuhi Elisaria, baba yake Lydia, alikuja ofisini kwa ajili ya ile barua, kofia mkononi. Kocha Reginald alikuwapo, chai ipo mezani. Pudensiana ndiye aliyeileta, akabaki na birika lake. Agnela naye aliitwa, kwa kuwa anaijua njia ya Kisongo.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba, Agnela. Ulikuwa na kasi wewe! Bado unakimbia?"

"Nacheza rede. Kocha, siku ile nilikuambia nina homa."

"Uliniambia," kocha alisema, akikoroga sukari. "Nami nikakuambia jasho litaitoa."

Wote walisikia. Chini ya dirisha mabati mapya yalikuwa yamepangwa, bado yamefungwa kama yalivyotoka dukani. Mwalimu Kandida aliyatazama, kisha akatazama kikombe chake.

Elisaria akamwuliza Agnela kama alipata shida sana.

"Si sana, baba. Kiu tu."

Miaka ile kahawa haikuwa na bei, Elisaria alikuwa ameng'oa nusu ya mibuni apande nyanya, na nyanya nazo zilikuwa zimeungua na baridi.

"Lydia ana mwili wa nguvu kukushinda wewe, mwanangu," akamwambia Agnela kwa upole, kama mtu anayeomba radhi. Akaitia ile barua sahihi tena. Mwalimu Kandida akagonga muhuri. Agnela akaambiwa aendelee na nafasi ile, maana bila yeye Prisca angebaki peke yake. Akasema ahsante, akatoka.

Ya Jumamosi Pudensiana hakunisimulia, nami sikumwuliza. Aliishia Ijumaa ileile jioni, alipopanda kwa kina Lydia na uji kwenye chupa ya chai. Ilikuwa saa kumi na mbili, jua bado lipo migombani, lakini kocha aliagiza mtoto alale mapema. Nje watoto walikuwa wanacheza. Mama yake Lydia akafunga dirisha, kelele zisimsumbue, akamfunika mpaka kidevuni. Lydia akafumba macho, ila miguu ikaendelea kukimbia chini ya blanketi, kwa mwendo uleule mmoja, kama iko barabarani. Mama akaishika kwa mikono yote miwili. Miguu ikapunguza mwendo, ikatembea, ikasimama. Mtoto akalala.