Taa ya Baba Mlangoni pa Choo

Chama chetu cha historia hapa Pellman, Nebraska, kimegeuza stesheni ya zamani kuwa makumbusho. Mwenyekiti wetu, Ardith, aliiweka taa ya reli ya baba yake katikati ya ukumbi, ndani ya kabati la kioo. Ya baba yangu, aliyefanya kazi na baba yake kwenye treni ileile, akaitundika karibu na mlango wa choo.

"Usinune, Verna," akaniambia. "Hata huko watu wanapita."

Wivu ukanishika. Nikaumeza, nikaomba kazi ya kuwagawia wageni kahawa Siku ya Reli, sherehe yetu ya kila mwaka. Nilileta vikombe vikubwa kama vibuyu.

"Ongeza, mzee, ya bure hii!" nikawa namhimiza kila mgeni.

Kufika mchana, foleni ya choo ilikuwa ndefu kama treni ya ngano, na wote wamesimama mbele ya taa ya baba, wakisoma maelezo yake mara mbilimbili. Kabati la Ardith lilitazamwa na nzi.

Akanijia, mdomo umemvimba. "Shoga, mwakani tubadilishane nafasi?"

"Weee! Katikati ndiko kwenye heshima, bibie. Baki hukohuko."

Nikammiminia kahawa. Akainywa kwa hasira, na haukupita muda, naye akapanga foleni.