Kapteni Katika Boma la Ombati

Kemuma alikuwa akichuma majani ya chai kwenye mistari ya chini, upande wa kijito, Kapteni alipofika na askari wake na kupiga mahema katikati ya michai. Ilikuwa mwaka wa 1971, hapo Kiogoro, katika vilima vya Kisii, baada ya mvua ndogo. Kapteni, ofisa wa Kiingereza, alikuwa amekufa kwa homa mwaka uleule wa vita vyake, miaka mingi kabla ya Uhuru, na askari wake walikuwa wamemfuata mmoja mmoja. Kwa hiyo hawakupiga kishindo. Hata hivyo, michai iliyoguswa na mahema yao ilianza kugeuka manjano.

"Mzee wa boma wapi?" Kapteni aliuliza, kwa Kiswahili cha kambini.

"Baba mkwe wangu, Ombati? Amelala kaburini, pale chini ya migomba."

"Yeye bado sema ameshindwa."

"Ndiyo. Hakusema," Kemuma alikubali.

Zamani Kapteni alizunguka vilima hivi vyote. Alichoma nyumba na maghala ya wimbi, akaswaga ng'ombe kuelekea ziwani, na kila boma likamwambia kwamba limeshindwa. Boma la Ombati peke yake halikusema. Hivyo vita havikuwa vimekwisha, naye hakuweza kupumzika. Alihitaji neno moja tu kutoka kwa mtu wa boma hilo.

"Ng'ombe wetu wako wapi?" Kemuma aliuliza.

Kapteni alitazama buti zake.

Kesho yake Chifu Nyasani alikuja kwa baiskeli. Alimkuta Kemuma akianika wimbi na jirani yake, Persis.

"Mong'ina, mama yetu, sema tu umeshindwa, huyu mtu aende. Mkuu wa wilaya atapita hapa wiki ijayo. Ataona nini? Wafu na bunduki?"

"Ataona wageni wangu."

"Na majani ya manjano kituo cha chai hakinunui. Wajukuu wako watasoma kwa pesa gani?"

Kemuma alikung'uta ungo. Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa limemnyima usingizi.

"Basi serikali irudishe ng'ombe wa Ombati, nami nitasema."

"Serikali hii haikuchukua ng'ombe wa mtu."

"Lakini imekaa katika ofisi ileile."

Persis alicheka mpaka akashika mbavu. "Chifu, panda baiskeli yako. Hapo umefungwa goli."

Jumamosi Kemuma hakuchuma, kwa kuwa ilikuwa Sabato. Alipotoka kanisani alimwona Kapteni amesimama juani na kofia yake kubwa, midomo imepasuka. Wafu hupata kiu sana. Akatoa uji wa wimbi aliokuwa ameupika Ijumaa, akautia kwenye kibuyu cha nyumba, akampa. Kapteni alikunywa mpaka nusu, akawapitishia askari wake. Usiku walilala palepale.

"Kumbe hakuna aliyemwambia," Persis alinong'ona.

Hakuna aliyewahi kumwambia. Katika vita vyake vyote Kapteni alikula nyama ya ng'ombe aliowateka, hakuonja kitu cha mkono wa mwenye nyumba. Hakujua kwamba, katika vilima hivyo, mtu wa nje akinywa uji wa nyumba na kulala bomani, anakuwa omomenyi, mtu anayeishi kwenye ardhi ya wenyewe. Omomenyi hulala anapoonyeshwa, na kukicha hupewa kazi.

Jumapili asubuhi Kemuma alimkabidhi kikapu.

"Mimi Kapteni!"

"Najua. Anzia mistari ya juu. Majani mawili na chipukizi, na usivunje matawi."

Mahema yalihamishiwa nyuma ya jiko. Michai ikarudia ukijani wake. Siku aliyopita mkuu wa wilaya, wafu walikuwa kwenye foleni ya kituo, vikapu mgongoni, wakilalamika kama watu wengine kwamba mizani inaiba. Aliwapungia mkono, na gari likaenda zake. Karani alipima majani ya Kapteni kwa jina la Kemuma.

Baadaye Kemuma alivaa viatu vya kanisani akaenda ofisi ya wilaya, Kisii mjini, kuuliza habari za ng'ombe. Kijana mmoja mwenye tai alimwambia kwa upole kwamba jambo hilo lilifungwa kabla yeye hajazaliwa. Kemuma alimshukuru, akasema atarudi mwezi ujao. Akarudi. Aliambiwa vilevile.

Zizi la Ombati lingali pale mbele ya nyumba. Nguzo zikioza, Kapteni hukata nyingine, na askari wake huchimba mashimo. Ndani hakuna hata kwato moja. Jioni, kazi ikiisha, yeye hutundika kikapu chake na kusimama wima mbele ya Kemuma.

"Umeshindwa?"

"Ng'ombe wako wapi?"

Kapteni hutazama buti zake. Kemuma hupita, akachukua magogo ya mlango wa zizi, akayapitisha moja baada ya jingine, na kuyakaza vizuri, kama mtu ambaye mifugo yake yote imeshaingia.