Mkongomani Mmoja wa Xi'an

Ukitaka kwenda Uchina kwa bei ya chee na kurudi na akili zako, watu wa kanisa la Warundi wa Johannesburg walikuwa wakikuambia usihangaike. Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya, nenda kwenye duka la mapazia la Cyriaque pale Randburg. Utapewa kiti, utaulizwa unaenda mji gani, na hata ukijibu kwamba unaenda Guangzhou kununua viatu, utasimuliwa habari za Xi'an. Maana Cyriaque aliwahi kufika Xi'an mwaka 2016, akakaa siku chache, na tangu hapo mji ule wa wafalme wa kale, na ukuta wake wote, ukawa kama shamba aliloachiwa na babake.

Ushauri wake, tuseme haki, ulikuwa mzuri. Lala ndani ya ukuta, kwenye nyumba za vijana wenye mabegi ya mgongoni, si kwenye hoteli iliyokukodolea macho mbele ya stesheni. Kula mtaa wa Waislamu, lakini usile kwenye barabara kubwa yenye taa na makelele. Kata kona, tafuta wanapokula wenyeji, utabaki na hela ya kesho. Wasichana wawili wakikufuata na kukuomba mkanywe chai ili wajizoeze Kiingereza, kimbia, maana bili ya ile chai utaisimulia mpaka kwa wajukuu. Na ukienda kuwaona wale askari wa udongo waliozikwa na mfalme, panda basi la serikali. Usipande basi la mtu anayekuchekea. Basi la mtu anayekuchekea linakwenda kiwandani, wanakofinyanga askari wa kuwauzia wageni. Huko utazungushwa, utapigwa picha, na utarudi ukidhani umeona.

"Kuna Mkongomani mmoja yalimkuta hayo," Cyriaque alimalizia kila mara, akitikisa kichwa kwa huruma.

Huyo Mkongomani, masikini wa Mungu! Alikunywa chai. Alipanda basi. Alinunua jiwe la kijani la bahati ambalo lilichuja rangi alipotokwa jasho. Alilipa kiingilio kwenye maonyesho ya wanafunzi wachoraji ambao hawakuwa wanafunzi wala hawakuwa wachoraji. Wakongomani wa mtaa wa Yeoville walishaanza kuulizana ni nani huyu anayewaaibisha, ni wa Goma au wa Bukavu, na Cyriaque akawa anajibu kwamba jina limemtoka.

Jina lilimtoka vipi na limeandikwa kwenye pasipoti yake mwenyewe? Wasichana wa chai walimpata yeye, na Kiingereza walichotaka kujizoeza kilikuwa hikihiki cha Cyriaque, ambacho wateja wa Randburg hukikwepa kwa kuonyesha pazia kwa kidole. Basi alilipanda yeye. Akamkumbatia askari mmoja mwenye sikio lililomeguka, akachekelea, akapigwa picha, na kabla jua halijatua picha ilikuwa kwenye grupu ya WhatsApp ya kwaya, imeandikwa chini yake: "Nimesimama na jeshi la mfalme." Amina zikamiminika. Kesho yake, kwenye treni, mwanafunzi mmoja wa Kenya akamweleza kwa upole kwamba askari wenyewe wako chini shimoni, watu huwatazama kutoka juu, nyuma ya vyuma, na mtalii wa kawaida hamkumbatii yeyote. Cyriaque aliumia sana. Lakini amina zilikuwa zimekwisha kuingia, na amina hairudishwi dukani.

Yote haya yangebaki kuwa kichekesho chake na Mungu wake kama asingempenda Médiatrice.

Médiatrice alifanya kazi kwenye duka la dawa huko Midrand, na alilelewa na mjomba wake Mzee Salvator, Tonton kama alivyomwita, mwenye kampuni ya walinzi. Mzee huyu alikuwa na neno moja tu kuhusu wachumba: binti yake hampi mwanaume anayeingizwa mjini, kwa sababu Johannesburg inawala wajinga na mifupa inaitema. Mchumba wa kwanza alikataliwa kwa kuwa alinunua simu kwenye robot, taa za barabarani zilipokuwa nyekundu, akaifungua boksi nyumbani akakuta kipande cha sabuni. Cyriaque alipoisikia habari hiyo alicheka, kisha akakatiza kicheko. Alielewa kwamba siku Mzee Salvator atakapomtambua yule Mkongomani, Médiatrice ndiyo basi tena.

Siku ya kuposa ilifika Aprili 2018, kwenye ukumbi wa kanisa. Sasa, kwa Warundi, mwanaume anayeposa siku hiyo hana mdomo. Anakaa na suti yake ametulia tuli, msemaji wake ndiye anayeomba, na msemaji wa upande wa pili kazi yake ni kukataa, kudharau na kutafuta kasoro mpaka vinywaji viingie. Msemaji wa Cyriaque alikuwa Théodore, mwalimu wa kwaya, mtu ambaye ukimpa kipaza sauti leo utakipata kesho. Wa upande wa pili alikuwa nani kama si Mzee Salvator mwenyewe.

Théodore alisifu ukoo, akasifu mapazia, akasifu sauti ya Cyriaque kwenye kwaya. Kisha, bila kumuuliza mwenye posa, akafunua kitambaa kilichofunika kitu kikubwa kilichoegemea ukuta. Ilikuwa ile picha. Alikwenda kuikuza, karibu ukubwa wa mlango, akaitia fremu ya plastiki yenye rangi ya dhahabu, ndiyo zawadi kwa wakwe.

"Mnaogopa kijana wetu ataingizwa mjini," Théodore akasema. "Tazameni alikofika, na hakuingizwa."

Cyriaque alitaka kuinuka, akakumbuka kwamba hana mdomo. Mzee Salvator akavaa miwani. Akatangaza kwamba huko hata yeye amefika, mwaka mmoja kabla ya Kombe la Dunia la hapa Afrika Kusini, na anapajua vizuri. Jamani, mtu aliyefika si anajua habari za shimo na vyuma? Cyriaque aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa polisi wa nchi hii. Alimtazama mzee akisogea, akiinama, pua karibu iguse kioo, akiganda pale kwenye sikio la yule askari mpaka akina mama wakaanza kukohoa. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ndio wenyewe," akasema mwishowe. "Nathibitisha. Leteni vinywaji."

Mtu ambaye hata mvua huitafutia kasoro hakuona kasoro yoyote. Vigelegele vikapigwa. Cyriaque akamshukuru Mungu kwa macho mabovu ya wazee, akapumua.

Ndipo Médiatrice akatolewa, amevaa imvutano za kijani begani, vazi la sherehe la Kirundi, akaulizwa mbele ya watu kama anamfahamu mwanaume huyu. Aliitazama picha kwanza, akauma mdomo, akajibu kwamba anamfahamu kidogo. Watu wakacheka, wakidhani ni adabu.

Wageni walipoanza kula, alimvuta Cyriaque mpaka jikoni, kando ya sinki lililojaa sahani, akamwonyesha picha kwenye simu. Ilikuwa sebule ya Mzee Salvator, ambayo Cyriaque hajawahi kuikanyaga kwa kuwa mchumba haingii kabla ya kuposa. Juu ya televisheni alining'inia Mzee Salvator wa enzi zile bado ana nywele, amemkumbatia askari wa udongo. Sikio la askari limemeguka, palepale.

"Huyu nampangusa vumbi tangu niko shule," Médiatrice akasema. "Kila mgeni anahubiriwa habari zake. Kitabu changu cha historia kilikuwa na picha ya shimo, na vyuma vyake. Tonton hajui kama najua."

Cyriaque alifungua mdomo, na kwa mazoea likatoka lilelile, kwamba kuna Mkongomani mmoja. Médiatrice akainua mkono kumzuia.

"Huyo ndiye ninayetaka anioe," akasema, na machozi yalimlenga. "Mwanaume wa kwenye picha nimeishi naye nyumba moja, nimemchoka. Hakosei, haulizi njia, haombi radhi. Yule Mkongomani angalau alikunywa chai. Kama unamfahamu, mlete. Kama humfahamu, nitawaambia warudishe vinywaji."

Hakuwa anatania. Kutoka ukumbini sauti ya Mzee Salvator ilisikika kwenye kipaza sauti, akiwafundisha wageni jinsi ya kuyakwepa mabasi ya matapeli huko Xi'an. Kulikuwa na Mtanzania mmoja, alisema, yalimkuta mambo.

Cyriaque aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Alilitazama sinki, akamtazama Médiatrice.

"Ile chai ilikuwa chungu," akasema.

Médiatrice akaiweka simu kando.

"Nikaomba kikombe cha pili."